Ndugu Niliyemwandikisha kwa Karani

Siku nilipoletewa habari kwamba ndugu yangu wa msituni hataki tena kuniona mlangoni kwake, nilikuwa ninakula viazi kwa maharage. Nilimsikiliza mleta habari mpaka akamaliza, nikamwambia asante, nikaendelea kula. Mke wangu alisimama akinitazama, akingoja niseme neno. Viazi vilikuwa vya moto na mimi nilikuwa na njaa.

Wako watu ambao wakipatwa na jambo hupiga mayowe mpaka majirani wajae uani, na wako wanaonyamaza kwa kuwa wana hekima. Mimi simo kwa hao wala kwa hawa. Mimi hufa ganzi. Hata alipofariki mama yangu nilichimba kaburi vizuri, pembe zake zikakaa sawa, na watu wakanisifu kwa pembe zile. Kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyokwenda, na pale nilipoumia nitasema kwamba niliumia.

Mimi ni mtu wa Burungu, katika vilima vya Masisi. Kwetu ni maharage, mahindi na ng'ombe. Yeye alikuwa mtu wa Walikale, kule chini msituni, ng'ambo ya mto Lowa, ambako watu hula ndizi na samaki na nyama ya porini. Hatukutoka tumbo moja wala kabila moja. Hata lugha ya nyumbani hatukuwa nayo moja. Tulisemezana Kiswahili cha njiani. Tulikuwa ndugu kwa sababu ya biashara. Naona haya kidogo kuandika hivyo, lakini wakati ule hakuna aliyeona haya.

Katika miaka ya arobaini nilikuwa mchukuzi wa mfanyabiashara mmoja mzee, jirani yetu. Alishuka Walikale na maharage, tumbaku na chumvi, akawauzia wanavijiji na wafanyakazi wa kambi za machimbo, kisha akapanda na mafuta ya mawese na mikeka. Kwenda ni siku tano kwa mguu. Kurudi ni sita, maana kurudi ni mlima. Nilimbebea mpaka shingo yangu ikawa nene kama ya fahali, na mashati yote niliyoshonewa tangu hapo hayafungiki kifungo cha juu.

Katika njia ile mtu hakufanya biashara kwa kuwa na mali. Mali mtu yeyote anaweza kuipata. Alifanya biashara kwa kuwa na nyumba za kufikia. Bila mwenyeji, chumvi yako inanyeshewa, wachukuzi wanakutoroka, mtumbwi wa kuvukia unatoboka siku ileile unapofika, na bei ya mafuta inapanda kabla hujatua mzigo. Ukiwa na mwenyeji, yeye huwaambia watu wa kijiji, "Huyu ni wetu," na mambo yamekwisha. Mzee wetu alikuwa na nyumba nne za namna hiyo, na kwenye mkono wake wa kulia alikuwa na chale nne, moja kwa kila nyumba, kwa sababu undugu ule ulifanywa kwa kuchanjiana damu.

Magoti yake yalipokataa milima, alinichukua safari moja ya mwisho, akanipitisha nyumba hadi nyumba. Kila alipofika alinishika bega akasema maneno yaleyale: "Huyu njo miye. Mukimuona yeye, mumeniona." Tuliporudi Burungu nilimpa ng'ombe wawili. Hakuna aliyetaja bei. Kwetu mtu akikukabidhi watu wake humwachi mikono mitupu, kama vile huchukui binti wa watu bila kutoa ng'ombe. Wale ng'ombe waliitwa asante. Mzee aliwaita hivyo, na mimi niliwaita hivyo. Mke wangu, ambaye mmoja wao alikuwa akimkamua kila asubuhi, aliwaita kwa jina jingine ambalo sitaliandika.

Nyumba ya kwanza kati ya zile nne ndiyo iliyokuwa kubwa, karibu na kivuko cha Lowa, na mwenye nyumba hiyo ndiye huyu ndugu ninayemweleza. Alikuwa mwindaji na mkulima wa ndizi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Siku ile ya kujulishwa alikuwa ameshanoa wembe. Mimi nilikuwa Mkristo, tena Jumapili nilimsaidia katekista kupanga watoto kwenye mabenchi, na misheni ilikataza mambo ya damu. Nilimwambia siwezi. Mzee wetu alinikazia macho kana kwamba nimemwaga pombe ya wageni.

Mwenyeji hakukasirika. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Mungu yenu anakataa damu. Anakataa na chumvi?"

Nikasema chumvi hajaikataza.

Basi akafungua mzigo wangu mwenyewe, akachota chumvi akaiweka kwenye kiganja changu, akailamba. Kisha akaweka kwenye kiganja chake, nami nikalamba. Kilikuwa na ladha ya moshi na mawese. "Imekwisha," akasema. "Sasa uko wa hapa." Mkewe akacheka, akasema hajawahi kuona ndugu wanaolambana kama ndama.

Mwaka wa pili niliugua homa nyumbani kwake. Nililala majuma mawili nikiweweseka, nikimwita kwa jina la baba yangu. Yeye na mkewe walininywesha, waliniogesha, walinibeba kwenda nje na kunirudisha. Alimtuma mtu apande siku zote zile sita hadi Burungu amwambie mke wangu kwamba niko hai. Undugu ni kufaana, si kufanana, ndivyo wasemavyo watu, na mimi niliyaona maneno hayo kwa macho yangu. Nilipopata nguvu nilitambua kwamba ninampenda yule mtu. Sikumwambia. Sisi si watu wa kuambiana mambo hayo.

Biashara ikashamiri. Nikaacha kubeba mwenyewe nikalipa wachukuzi. Nikanunua baisikeli na mizani, nikafungua duka la matope na mabati pale Burungu, nikakata patenti, yaani ile karatasi ya ruhusa ya kufanya biashara. Ilipokaribia kuisha miaka ya hamsini, serikali ya Wabelgiji ikataka sisi wenye patenti twende ofisini Masisi tukaeleze faida zetu, ili kodi ikatwe kutoka humo.

Nilipokelewa na karani kijana kutoka Bukavu, mwenye miwani, msafi, mpole. Sina neno baya juu yake. Ningekuwa nalo, mambo yangekuwa rahisi zaidi. Alipoona kodi yangu ni kubwa alinionea huruma.

"Papa," akasema, "vitu ulinunua juu ya biashara, kila mwaka tunaondosha kipande ya bei yake mu faida, sababu vinazeeka. Baisikeli tumeandika. Mizani tumeandika. Hakuna kitu ingine?"

"Hakuna."

"Kumbuka muzuri, Papa. Mali bila daftari huisha bila habari." Alikuwa amesoma shule, akapenda methali za pwani.

Na mimi kwa tamaa ya kupunguziwa nikawakumbuka wale ng'ombe wawili.

Nikamweleza habari zote, za mzee, za magoti yake na za nyumba nne. Karani akavua miwani, akaivaa tena, akaleta kitabu kinene. Akatafuta, akapata. Humo iliandikwa kwamba mfanyabiashara anaweza kununua kwa mwenzake jina, wateja na mahali pa kuuzia, na vitu hivyo, ingawa huwezi kuvipakia kwenye mkokoteni, ni mali kama mali nyingine. Bei yake inaweza kukatwa kidogo kidogo kwa miaka mitano. Sharti lake, iandikwe ni nini kilichonunuliwa, kwa nani, na kila kimoja kwa bei gani.

"Hata kama haishikike na mukono, iko mali," akasema kwa furaha.

Mimi pia nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Karani akapiga mistari minne. Nyumba nne kwa ng'ombe wawili, kila nyumba nusu ng'ombe. Kwenye mstari wa kwanza aliandika jina la ndugu yangu, na mbele yake faranga za nusu ng'ombe. Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri wa misheni.

Karani hakujua desturi yetu. Mimi niliijua. Nilijua kwamba mahari si bei, na kwamba baba mkwe wangu angenifukuza na rungu kama ningeandika popote kwamba binti yake nilimnunua kwa ng'ombe kadhaa. Lakini karatasi ile ilikuwa na safu ya kitu na safu ya bei. Safu ya asante haikuwapo, na mimi sikuiulizia. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi kwenye miteremko.

Ofisi haiamini maneno ya mtu mmoja. Karatasi ikapelekwa Walikale ili ithibitishwe, na tarishi wa serikali akatumwa kijijini kwa ndugu yangu. Haya niliyasikia kwa yule mleta habari wa viazi, ambaye alikuwapo. Tarishi alifika siku ambayo ndugu yangu alikuwa na wageni wakubwa, wakwe zake, waliokuja kuzungumzia mahari ya binti yake. Wanaume wote walikuwa wamekaa barazani. Tarishi akasimama katikati, akafungua karatasi, akasoma kwa sauti.

"Nani njo huyu muntu ambaye mufanyabiashara wa Burungu alimununuaka na nusu ya ng'ombe?"

Watu wakanyamaza. Tarishi akadhani hawakusikia, akarudia. Akaeleza kwamba anataka kujua tu kama ni kweli, kama yule mzee aliuza na huyu akanunua.

Mkwe mmoja akauliza, "Nusu gani? Ya mbele ao ya nyuma?"

Wakacheka, na kicheko kile kilidumu. Ndugu yangu alimpa tarishi chakula kama inavyompasa mgeni, akawasindikiza wakwe zake, na asubuhi akamwita huyo mleta habari, aliyekuwa anapanda Masisi, akamwambia, "Pale pembeni ya barabara kuko nyumba ya serikali ya wasafiri. Ambia muntu wa Burungu alale kule."

Nilipomaliza viazi niliosha mikono nikaenda kufunga mizigo ya safari iliyofuata, kana kwamba sikusikia. Nikashuka. Nikalala kwenye nyumba ya serikali, mimi na panya. Mtumbwi ulikuwa umetoboka. Mafuta yalikuwa yamepanda bei. Mwenyeji wangu nilimwona kwa mbali akipita na mbwa zake, akageuza njia. Nyumba tatu zilizobaki zilikuwa zimeoa kwake au zimeozwa kwake, nazo zikafunga moja baada ya nyingine, kwa adabu, bila matusi. Safari mbili zaidi, na njia yangu ikawa imekufa.

Mzee aliyenikabidhi njia alikuwa bado hai. Alipopata habari alijikokota na fimbo hadi mbele ya duka langu. Wateja walikuwapo. Alikunja mkono wa shati, akaniinulia zile chale nne nizitazame, kisha akaushusha mkono wa shati akafunga na kifungo. Hakunisalimu, wala hakuniaga. Hakuja tena dukani, na chumvi alikuwa akituma wajukuu waende kuinunua mbali.

Kuhusu hayo yote sikulia wala sikukasirika. Nilifungua duka asubuhi na kufunga jioni. Mke wangu alisema, "Baba watoto, sema hata kitu." Nikamwambia bei ya sabuni imepanda.

Mwaka ulipogeuka, kodi ya ule mwaka mzuri ikafika, na mwaka mzuri wenyewe haukuwapo tena. Sikuweza kulipa. Ningeshindwa, wangechukua baisikeli na mizani, na patenti nisingepewa nyingine. Nikaenda kwa karani. Akafungua karatasi yangu, akaweka kidole kwenye ile mistari minne.

"Papa, hii kitu ingali inatumika?"

"Imekufa."

"Yote?"

"Yote."

Akatafuta tena kwenye kitabu kinene, na uso wake ukachangamka. Mali iliyokufa, akanieleza, haingojwi miaka mitano. Inatolewa yote mara moja, na kodi inashuka sana. Ila ofisi inataka ushahidi. Wa nyumba ya kwanza, ile kubwa, atie kidole gumba kwenye karatasi kwamba hakuna kitu kilichobaki kati yake na mimi. Kidole hicho kimoja kitatosha kwa nyumba zote nne. Akapiga chapa karatasi hiyo palepale, akanipa na kikopo cha wino.

Nilishuka bila mzigo. Mke wangu nilimwambia ninafuata kidole. Lakini siku tano zile, kila nilipofika kwenye kilima, nilikuwa nikipanga maneno ya kumwomba radhi, na kila nilipofika bondeni yalikuwa yamenitoka.

Nilimkuta alasiri akitengeneza wavu wa kuwindia chini ya ukingo wa nyumba yake. Mvua ilikuwa imeanza. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alinitazama, akaitazama mvua.

"Ingia," akasema. "Utalowa."

Aliuliza habari za mke wangu, habari za watoto, habari za maharage. Mkewe alikaa na kisu na ndizi zake, asimenye. Maneno yangu yote ya kilimani yaligoma. Nikatoa karatasi. Akaniambia nimsomee. Nikasoma: kwamba yeye, mwenye kidole hiki, anasema mbele ya serikali kwamba kati yake na mfanyabiashara wa Burungu hakuna tena undugu, wala nyumba, wala biashara.

Akavuta uzi wa wavu, akakaza fundo.

"Bila hii karatasi watakufanya nini?"

"Watachukua baisikeli na mizani. Duka itafungwa."

"Na watoto yako watakula nini?"

Nikaikunja karatasi, nikaikunjua.

"Nikiweka kidole, utapona?"

"Nitapona."

"Usiweke," mkewe akasema.

"Mama, huyu iko na taabu," akamjibu. "Lete ile wino."

Akakandamiza kidole kwenye karatasi kwa nguvu, akakishikilia hapo muda mrefu, kama mtu anayezuia damu. Kisha akasugua wino na mchanga, nao ukabaki kwenye mikunjo ya ngozi. Tulikula ndizi na samaki katika sahani moja. Hatukuzungumza sana, lakini hatukuwahi kuwa watu wa maneno mengi. Nililala mahali pangu pa zamani, pale nilipougulia homa. Niliona tumesameheana. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima nilihisi kitu kifuani, na kilikuwa furaha.

Asubuhi alinisindikiza hadi mlangoni, akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu tuagane. Hakuushika.

"Kulala na kula," akasema. "Faranga tano."

Nikacheka. Kisha nikaona mkewe amegeuka ameingia ndani, na yeye mwenyewe hacheki.

"Kaka," nikasema.

"Kidole yangu imeisha kusema," akanijibu kwa ile sauti yake ya chini. "Unataka nikuwe muongo mbele ya serikali?"

Nikahesabu faranga tano. Alizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi mtu anavyopokea kitu cha mgeni asiyemjua. Hapo niliumia. Niliumia kiasi kwamba nilivuka mto Lowa bila kujua nimevuka, na mwenye mtumbwi ilibidi anivute shati ili nimlipe.

Nilipanda siku sita, nikamkabidhi karani karatasi yake. Alifurahi sana kuona kidole kilivyotokea vizuri, mistari yote ya ngozi inasomeka. Akapiga hesabu, kodi ikashuka. Baisikeli ikabaki yangu, na mizani. Alikuwa anafunga faili alipokumbuka jambo moja zaidi la kunisaidia.

"Papa, safari nayo iko gharama ya biashara. Kule Walikale ulilipa pa kulala? Niambie ni ngapi, tuandike."

"Sikulipa kitu," nikamwambia. "Nililala kwa ndugu yangu."

Karani akaitazama ile karatasi yenye kidole, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini.